Ngumi Zisizohitaji Mtafsiri

Mjomba wangu hajui Kiingereza zaidi ya maneno machache ya kazi aliyoyaokota katika miaka yake ya utumishi wa reli pale Gulwe, kwa hiyo taa za ukumbi zilipozimwa nilimsogelea nikiwa na wasiwasi. Filamu tuliyokwenda kuitazama, The Naked Gun, ni ya vichekesho na imejaa maneno yenye maana mbili mbili, nami nilikuwa nimejiandaa kumnong'oneza tafsiri kwa dakika zake zote 85. Haikupita nusu saa nikaacha. Askari anayeigizwa na Liam Neeson alikuwa anapokea kikombe cha kahawa kutoka kwenye mkono wa mtu asiyeonekana, baadaye akapokea kingine, halafu kingine tena akiwa ndani ya gari linalokwenda, na hakuna hata mtu mmoja ndani ya filamu anayeshangaa. Kila mkono ule ulipochomoza, Mjomba alinipiga gotini kwa kiganja na kusema, "Mpwa, kingine hicho!" Watu wa safu ya mbele waligeuka kututazama, kisha nao wakaanza kuvihesabu.

Tangu siku ile nimezipima upya filamu zote nilizotazama kati ya Mei na Agosti mwaka 2025, na swali nililojiuliza ni moja tu: mtu kama Mjomba, mwenye macho mazuri na akili timamu lakini asiyejua lugha ya filamu, angeona nini pale kwenye kioo? Ninaamini kwamba ngumi na kichekesho ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili huhitaji mwili unaoonekana mzima, mahali ambapo mtazamaji amekwisha kupafahamu, na muda wa kutosha kuona jambo linavyoanza na linavyoishia. Ngumi isiyoonekana ilikotoka haiumi, na mtu anayeanguka bila sisi kuliona ganda la ndizi hachekeshi.

Filamu za namna hii hutolewa kwa wingi katika miezi hii kwa sababu Marekani ni majira ya joto na shule zimefungwa. Desturi hiyo hutajwa kuwa ilitiwa nguvu na Jaws ya Steven Spielberg, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 20 Juni 1975 katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, wakati ambapo filamu nyingi zilikuwa bado zinatembezwa polepole kutoka mji mmoja hadi mwingine, tena ikatanguliwa na matangazo mengi ya televisheni. Ilitimiza miaka 50 mwaka 2025. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili yake alikuwa akiharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, hivyo mwongozaji akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu, na hofu ikazidi palepale ambapo papa haonekani. Waongozaji wa leo wanaoweza kuonyesha chochote kwa kompyuta wangefaa kuikumbuka ile mashine mbovu kabla ya kubomoa mji mwingine mbele ya macho yetu.

Huku kwetu Dodoma miezi hiyohiyo ni kipupwe. Upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi linaingia hadi kwenye makabati, na jioni mtu hatoki bila sweta. Mimi kwa filamu kubwa nimezoea kuzifuata Dar es Salaam, na tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikinila siku nzima ndani ya basi imekuwa ya saa chache, kwa nauli ya shilingi 31,000 katika treni ya kawaida. Ninapanda Jumamosi asubuhi, ninaingia ukumbini mchana, ninalala kwa dada yangu na kurudi Jumapili. Mara moja tu msimu huu Mjomba alifuatana nami, baada ya Nane Nane, kwa sababu kulikuwa na arusi ya ukoo. Tulipopita Gulwe alisimama akashika dirisha kwa mikono miwili, na hakuketi mpaka tulipoingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa.

Nilianza msimu na Mission: Impossible – The Final Reckoning, filamu ya nane katika mfululizo ulioanza mwaka 1996, na ninakiri kwamba saa yake ya kwanza ilinichosha sana. Watu wanakaa katika vyumba vyenye giza na kuelezana. Mmoja anaanza sentensi, wa pili anaiendeleza, wa tatu anaimalizia, na katikati yake zinapachikwa picha za filamu zilizotangulia ili tukumbuke nani alifanya nini. Filamu inakaribia saa tatu, na bajeti yake iliripotiwa kuwa kati ya dola milioni 300 na 400, lakini fedha zote hizo haziwezi kumsaidia mtazamaji anayesomewa maelezo badala ya kuonyeshwa jambo. Kijana mmoja aliyekuwa pembeni yangu alikwisha kutoa simu yake mfukoni.

Kisha Tom Cruise anazama. Anashuka peke yake kwenye maji ya barafu hadi kwenye nyambizi iliyolala chini ya bahari, anaingia ndani, na uzito wa nyambizi unaanza kuhama. Chumba kinageuka taratibu: sakafu inakuwa ukuta, ukuta unakuwa dari, maji yanahamia upande mwingine, na yale makombora mazito yanajiachia kutoka kwenye vishikizo vyake na kumporomokea. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema neno. Unajua alikoingilia, unajua anachokitafuta, unaona njia yake ya kutokea inavyozibwa kipande kwa kipande. Yule kijana aliirudisha simu mfukoni, nami niligundua kwamba nimekishika kiti kwa nguvu. Ningeweza kumketisha Mjomba pale bila kumnong'oneza lolote, na angetoka akijua kilichotokea kwa uhakika uleule nilionao mimi.

Tukio la ndege mwishoni ni la namna hiyohiyo. Ni ndege mbili ndogo za mabawa mawili, za kizamani, na picha zake zilipigwa Afrika Kusini juu ya mabonde na miamba. Mtu mwenye umri wa miaka zaidi ya 60 anatambaa juu ya bawa, anavuka, anakaribia kuachia, na kamera imefungwa palepale kwenye ndege ikimtazama usoni. Upepo unaivuta ngozi ya mashavu yake mpaka sura yake inabadilika. Hapo hakuna uigizaji wa kuogopa. Uso wenyewe unafanywa vile na hewa. Wako wanaosema kwamba kujihatarisha namna hiyo ni majivuno ya mwigizaji, na hoja yao ninaielewa, lakini tofauti kati ya bawa la kweli na bawa lililochorwa niliihisi tumboni, na sikuhitaji mtaalamu wa kunithibitishia.

Hisia hiyo mimi niliipata mara ya kwanza katika banda la video Mpwapwa, nikiwa na umri wa miaka tisa au kumi, siku tulipowekewa kanda ya Jackie Chan. Jenereta lilikuwa nje, likipiga kelele kiasi kwamba hata kama tungekijua Kichina tusingesikia kitu. Ilikuwa ni Police Story, ya mwaka 1985, na wengi wanaikumbuka kwa lile tukio la mwisho ndani ya jengo la maduka, ambapo stelingi anaruka kutoka ghorofa ya juu, analikumbatia bomba refu lililozungushiwa taa, na kuteleza nalo hadi chini huku taa zikipasuka njia nzima. Tukio lile linaonyeshwa mara tatu mfululizo, kila mara kutoka upande mwingine, ili asitokee mtu wa kusema amedanganywa. Sisi watoto wa pale bandani tulijua sheria ya filamu, kwamba stelingi hafi, na bado siku ile tuliogopa kwamba huyu amekufa kweli. Hatukuwa na mtafsiri. Tulitoka nje tukisimuliana filamu nzima kwa usahihi, pamoja na maneno tuliyowawekea wenyewe midomoni.

Kwa hiyo mtu ataelewa masikitiko yangu juu ya Karate Kid: Legends, iliyotoka mwishoni mwa Mei. Jackie Chan yumo, alikuwa na umri wa miaka 71 ilipotoka, na hakuna anayemtaka ateleze kwenye bomba tena. Lakini amepewa kijana hodari kabisa, Ben Wang, anayejua kurusha teke, na wahariri wamelikatakata teke hilo vipande vipande kama wanaogopa tusilione. Mguu unainuka katika picha moja, uso wa adui unageuka katika nyingine, na baina yake hakuna kitu. Filamu ni ya dakika 94 tu, jambo ambalo kwa kawaida ningelisifu, ila hapa mazoezi, mapenzi na pambano la mwisho vimepitishwa haraka haraka juu ya muziki, na hakuna hata kimoja kinachopata nafasi ya kuumiza.

F1 sikuitarajia niipende. Ni filamu ya mashindano ya magari zaidi kuliko ya mapigano, lakini ina mwendo, na mwendo wenyewe ni wa kweli kwa kiasi kikubwa: walipiga picha katika viwanja halisi, siku za mashindano halisi, wakiwa wamefunga kamera ndani ya magari yanayoendeshwa na Brad Pitt na Damson Idris wenyewe. Unapoona shingo ya dereva ikivutwa pembeni kwenye kona, ni kona kweli. Kasoro yake ni watangazaji. Kila gari linapoingia kubadilisha matairi, sauti mbili zinatueleza kwa nini limeingia, lina faida gani na nani amekasirika. Nilikua nikisikiliza mpira redioni na ninaujua utamu wa mtangazaji mzuri, lakini redioni mtangazaji ndiye macho yako. Ukumbini macho ninayo.

Superman nilikwenda na watoto wa dada yangu, wawili, wa miaka saba na kumi, na humo nilijifunza kitu kuhusu kuanza. Filamu hii ya mwongozaji James Gunn haianzi na mtoto kutumwa kutoka sayari ya mbali, hadithi ambayo kila mtu ameisikia. Inaanza na shujaa aliyeshindwa, akianguka kutoka angani na kujipigiza kwenye theluji, damu zikimtoka, pumzi hana. Anajaribu kupiga mluzi. Mluzi hautoki. Anajaribu tena, na kwa mbali kitu cheupe kinakuja kwa kasi kikitimua theluji, na sisi tunajiandaa kwa wokovu mkubwa. Kumbe ni mbwa wake, Krypto, anayefikia kumrukia na kumkanyaga palepale penye maumivu kwa furaha ya kumwona. Ukumbi mzima ulicheka, na yule mdogo wetu wa miaka saba alisimama juu ya kiti. Hofu, uchungu na kichekesho vimo ndani ya picha moja isiyo na maelezo, na mpaka mwisho wa filamu watoto walikuwa wanamsubiri mbwa zaidi ya kumsubiri mwenye nguo ya bluu.

Kuna sehemu nyingine humo nisiyoisahau: katikati ya vita na dubwana kubwa linaloponda majengo, Superman anamwona kindi mmoja yuko karibu kukanyagwa, anamchukua na kumsogeza pembeni. Ni jambo dogo mno, lakini tangu hapo unajua huyu ni mtu wa namna gani, na hakuna hotuba ingelisema vizuri zaidi. Ndiyo maana theluthi ya mwisho iliniuma. Mji unapasuka katikati, maghorofa yanaanguka, wenye nguvu za ajabu wanaongezeka kila dakika, na kadiri vitu vinavyozidi kuvunjika ndivyo vinavyozidi kukosa uzito. Nilimwuliza mpwa wangu wa miaka kumi ni nani alimpiga nani pale mwishoni, naye alinijibu kwa kunisimulia habari za mbwa.

Heads of State tuliitazama nyumbani kwangu mtaa wa Kisasa, Dodoma, kwa kuwa imetolewa moja kwa moja kwenye mtandao wa Prime Video tangu tarehe 2 Julai, na Mjomba alikuwa amekuja kwa siku mbili. Nilimweleza mwanzoni kwamba huyu mwembamba ni waziri mkuu wa Uingereza, huyu mnene wa misuli ni rais wa Marekani, hawapendani, na ndege yao itaangushwa. Basi. Idris Elba anapendwa sana hapa kwetu, hasa tangu habari za nia yake ya kujenga studio ya filamu Zanzibar zilipoenea, na hata Mjomba alimtambua. John Cena ndiye aliyemchekesha. Jitu lile lenye kifua kama mlango wa stoo linaigizwa kama mtu mpole anayetaka kupendwa na kila mtu, na mwili wake mkubwa unamwaibisha kila anapojaribu kufanya jambo la kijeshi. Hapo lugha haina kazi.

Kwenye mapigano mambo yaliharibika. Mara tatu Mjomba alinyoosha mkono na kusema, "Rudisha nyuma kidogo, hapo nani kapigwa?" Mara ya kwanza nilirudisha nikiwa na hakika kwamba ni macho yake ya uzee. Nilipotazama vizuri sikuona hata mimi. Picha zilikuwa zimekatwa kila nukta, kamera inatikisika, bega linaingia, kiwiko kinatoka, sauti ya kitu kuvunjika inasikika, na mtu yuko chini. Mara ya pili niliirudisha polepole, na tukaafikiana kwamba aliyepigwa ni mwenye koti la kijivu, ingawa hatukuwa na ushahidi. Mara ya tatu alisema niache tu iende. Sitaki kuwa mkali kwa filamu iliyotupa jioni njema, kwa kuwa ule mkimbizano wa gari zito la rais katika barabara za Trieste unaeleweka na unafurahisha, lakini mtu aliyefanya kazi ya kupitisha treni maisha yake yote akikuuliza nani kagonga nani, kosa haliwezi kuwa lake.

Ballerina na Nobody 2 nitazipitia kwa pamoja, kwani zinafanana kwa jambo moja, yaani waliozitengeneza wanajua kwamba vitu vya kawaida ndivyo silaha bora. Katika Ballerina, Ana de Armas anapigana kwa sahani za chakula, anazipasua moja baada ya nyingine kwenye vichwa vya watu mpaka inakuwa kichekesho, na baadaye kuna pambano la moto dhidi ya maji, mmoja ameshika mtambo wa kurushia miali na mwenzake mpira wa zimamoto, ambalo mtu yeyote duniani angelielewa kwa kulitazama mara moja. Hadithi yake ni nyembamba, na sikujali. Nobody 2, iliyoongozwa na Timo Tjahjanto wa Indonesia, ni ya dakika 89. Baba wa familia anayeigizwa na Bob Odenkirk anataka likizo tu na watoto wake, na kila anapoketi kupumzika mtu anamchokoza. Pambano la ndani ya boti ya watalii ni zuri kwa sababu boti ni ndogo, haina pa kukimbilia, na kila mtu anajua hivyo tangu mwanzo. Damu imezidi. Watoto wasiletwe karibu.

Sasa nirudi kwa The Naked Gun, kwani ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Filamu ya kwanza ya jina hilo ilitoka mwaka 1988 ikiwa na Leslie Nielsen, na hii mpya, iliyoongozwa na Akiva Schaffer, inamfanya Neeson kuwa mtoto wa askari yule. Neeson tumemzoea katika filamu za mapambano, akizungumza na watekaji kwenye simu kwa sauti nzito, na hapa haibadilishi sauti ile hata kidogo. Anasema upuuzi kwa uzito uleule. Filamu inaanza ndani ya benki iliyovamiwa: msichana mdogo wa shule anaingia akirukaruka, ana pipi ya kijiti mkononi, anawapita majambazi bila woga, na msichana huyo anageuka kuwa Neeson mzima mzima mwenye sketi ileile, ambaye anaanza kuwashughulikia mmoja mmoja. Mapigano yale yamepigwa picha kwa mbali ya kutosha, mwili wote unaonekana, kwa hiyo tunacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Iliripotiwa kugharimu dola milioni 42 hivi, kiasi ambacho katika msimu kama huu ni kidogo.

Vichekesho vya maneno ndivyo vilivyonifikirisha zaidi. Kipo kimoja ambapo askari anamwuliza mtu kuhusu Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, akikitaja kwa herufi zake nne, UCLA, ambazo kwa Kiingereza husikika kama "you see L.A.", na anayeulizwa anasikia kana kwamba ameulizwa kama anauona mji huo, akajibu kwamba anauona kila siku, anaishi hapa. Nilijaribu kumpa Mjomba kichekesho hicho kwa Kiswahili tukiwa njiani kurudi. Nilieleza chuo, nikaeleza herufi, nikaeleza matamshi, na nilipomaliza alinitazama kwa huruma. Hakitafsiriki. Ungelazimika kukitupa na kutunga kingine mahali pake, na hiyo ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya watafsiri wa filamu kama Lufufu katika kanda zilizojaa mabanda yetu ya video: hawakuwa wakibadilisha maneno tu, walikuwa wanatunga upya, wanampa adui tabia ya mtu wa mtaani tunayemjua, na mara nyingi kichekesho chao kilikuwa kizuri kuliko cha mwenye filamu. Ni ufundi ambao sijaona ukiheshimiwa inavyostahili.

Lakini kipo kingine kilichovuka bila jasho. Askari anamkaribisha mwanamke ofisini, Beth, anayeigizwa na Pamela Anderson, na kumwambia achukue kiti. Naye anajibu kwamba hapana, ahsante, nyumbani anavyo vingi. Kwa Kiswahili hakuna hata haja ya kukichonga. Ukisema "Karibu kiti," na mgeni akajibu, "Ahsante, nyumbani ninavyo," kichekesho kimekamilika, na nadhani kimekuwa kitamu zaidi, kwa sababu kwetu kumkaribisha mtu kiti ni jambo la heshima na kulikataa ni jambo zito. Mjomba alicheka mpaka abiria wa kiti cha mbele akauliza kuna nini, akasimuliwa, naye akamsimulia mkewe.

Kuna onyo moja ambalo ni lazima nilitoe. Katikati ya filamu kuna sehemu ambapo jambazi anawachungulia wapenzi wale wawili kwa kifaa kinachoona joto la miili kupitia mapazia, na kwa jinsi vivuli vyao vinavyokaa anadhani anaona mambo ya aibu. Kwa ufundi wa kichekesho ni tukio lililopangwa vizuri sana, na halina neno la kutafsiri. Kwa mtu aliyeketi bega kwa bega na kaka wa mama yake ni dakika ndefu. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati kwa utulivu, akaivaa tena sehemu hiyo ilipopita, na hatujaizungumzia mpaka leo. Msiende na wakwe.

Nikitoka ukumbini huwa ninafikiria filamu zetu, na siyo kwa kuzidharau. Katika kuchekesha kwa mwili hatukuwahi kuwa maskini. Amri Athuman, Mzee Majuto wetu, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alikuwa anachekesha kabla hajafungua mdomo: namna anavyosimama mlangoni, anavyomkagua mgeni kuanzia miguuni kupanda juu, anavyogeuka kuondoka na kurudi. Mweke mbele ya mtu wa nchi yoyote, bila maandishi chini ya picha, atacheka. Kilichotushinda ni mapigano, na sababu si vipaji, kwani sarakasi na ngumi ziko kila mtaa. Ni muda wa mazoezi, ni bima ya anayeanguka, ni mtu wa kupanga pambano kwa wiki tatu ili lidumu dakika mbili. Huko Marekani wenyewe wamechelewa kuwaheshimu watu hawa: ni Aprili mwaka 2025 tu ambapo waandaaji wa tuzo za Oscar walitangaza tuzo ya kupanga matukio ya hatari, na itaanza na filamu zitakazotolewa mwaka 2027. Ninaisubiri kwa hamu, na ningependa siku moja nimwone kijana wa Chang'ombe au wa Majengo akianguka kutoka ghorofani katika filamu yetu, kamera imekaa mbali, mwili mzima unaonekana, na chini kuna godoro nene lililolipiwa.

Juzi nilikwenda Mpwapwa kumsalimia Mjomba. Niliamkia, akaitikia, akanionyesha kile kiti chake cha kamba kilicho chini ya mwembe na kuniambia, "Karibu kiti." Nilijua anasubiri nini. Nikamwambia ahsante, Mjomba, nyumbani ninavyo, na akamwita shangazi atoke jikoni, aje asikie.